Mitini ya Bibi Isiyotaka Kuchanua

Wiki iliyopita fundi aliukata mtini wetu wa mwisho. Mizizi yake ilikuwa imeingia chini ya msingi wa jiko, ukuta ukapasuka, na hapakuwa na njia nyingine. Nilikuwa ndani nachambua mchele pale harufu iliponifuata: harufu ya maziwa ya mtini, mbichi, kali kidogo, utadhani mtu amekatakata majani juu ya nazi iliyokunwa. Mikono ikasimama. Niliacha sinia palepale nikatoka uani, nikasimama karibu na fundi nikimtazama anavyofyeka matawi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Buja, yaani Bujumbura, mtanielewa nikisema kwamba tulivijua vita kwa masikio kabla ya kuvijua kwa macho. Tulijua kutofautisha mlio wa risasi wa kutoka mtaa wa Cibitoke na mlio wa kutoka milimani. Tulijua shule ikifungwa ghafla turudi kwa njia ipi na tusipite ipi. Lakini mkiniuliza ni kitu gani kilinitia hofu kuliko vyote miaka ile, sitasema risasi. Nitasema mitini. Nilikaa roho juu muda mrefu nikiingoja mitini mitatu ya Bibi itoe maua, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba isipochanua, Bibi yangu ataachwa peke yake.

Nyumba yetu iko Buyenzi, na wakati ule ua wake ulikuwa na mpera mmoja, mkomamanga mmoja na bomba moja la maji lililotoka maji likipenda. Baba alifariki nikiwa mchanga, kwa malaria, kabla ya vita. Kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa Ami Nasoro, mdogo wake baba, aliyekuwa na duka la vitenge mjini. Juu ya mwenye kauli huyo alikuwepo mama yao, Bibi. Bibi alikuwa mfupi, macho yake yameanza kuingia ukungu wa uzee, lakini ulimi wake haukuzeeka hata kidogo. Babu yake alitoka Oman akaja kuuza nguo na chumvi kandokando ya ziwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Rumonge, na safari ya mbali alikuwa ameifanya mara moja tu, alipokwenda kuhiji.

Tini sisi tulizijua za kukauka. Kila Ramadhani jamaa zetu wa Maskati walituletea kifurushi cha tende, na ndani yake tini zilizobanwa na kutungwa kwenye kamba. Bibi alizigawa kwa mkono wake, kila mtu yake moja, wakubwa kwa wadogo. Alituambia kwamba hilo ni tunda ambalo Mwenyezi Mungu ameliapia, kwa hiyo hulitafuni huku unapiga domo. Basi tulizitafuna kimya, tukisikiliza zile mbegu ndogondogo zinavyopasuka menoni. Vita vilipochacha na embargo ikaja, majirani wakatufungia mipaka ya biashara, vifurushi vikakatika. Sukari ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Ramadhani ile tulifuturu kwa ndizi za kuchemsha na chai kavu, na Bibi hakulalamika. Alisema tu kwamba kama tini haziji, yeye atazipanda.

Vipando vililetwa na jamaa mmoja wa Ami aliyejua njia zake za kupitia Kigoma. Vilikuwa vijiti vitatu, vimeviringishwa kitambaa kibichi na kufichwa ndani ya birika la udhu. Mimi nilipoviona nilidhani ni kuni. Bibi alivipanda kwanza kwenye makopo ya samli, vikashika, akavihamishia ardhini nyuma ya ukuta wa msala, kisha akatoa amri ambayo nyumba nzima iliifuata: hakuna kutilia udhu bombani. Kila mtu achukue kopo lake akatawadhie kwenye shina la mtini, ili maji ya mikono na miguu yetu yasipotee bure. Maji yalikuwa ya shida, na swala ni tano. Mitini ile ilikunywa kuliko sisi.

Wakati huo tulikuwa tunaishi na Mama Furaha. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, Mkristo, aliyekimbia na mtoto mgongoni na kikapu cha nyuzi za kusukia nywele. Bibi alimpa chumba cha uani, naye akawa anasuka wanawake wa mtaa mzima pale barazani kwetu. Siku za mwanzo aliona haya hata kupita karibu na mitini.

"Bibi," aliuliza, "mi siswali kama ninyi. Maji yangu ya kunawa uso, nikiimwanga pale, haitaua muti yenu?"

"Maji ni maji, mama," Bibi akamjibu. "Leta."

Tangu hapo na yeye akawa analeta.

Miti ilikuwa imenipita kimo pale Ami Nasoro alipokuja na habari yake. Ilikuwa asubuhi, wote tuko barazani, kahawa imeshamiminwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nyakabiga, mtaa wa jirani, hawakulala kwa risasi, na sisi tulilala sakafuni chini ya usawa wa madirisha kama ilivyokuwa desturi.

"Mama," Ami alisema, "papiye zote, paspoti na viza, ziko tayari. Ndugu zetu wa Maskati wametukubali. Tuondoke."

Bibi alikunywa kahawa yake taratibu. Kisha akasema, "Sawa, Nasoro. Lakini mi sitoki hapa mpaka mitini yangu ichanue. Nilione ua lake kwanza, ndiyo unipandishe hiyo ndege yako."

Nilijikunja nikingoja ugomvi. Ami Nasoro alikuwa mtu wa kubishana na mteja juu ya upana wa kitenge mpaka mteja anaomba radhi. Lakini asubuhi hiyo aliitazama mitini, akamtazama mama yake, akakuna kidevu.

"Haya, Mama," alisema. "Mpaka ichanue."

Bibi akanigeukia mimi. "Rayya, macho yangu hayaoni tena vizuri. We ndiyo macho yangu. Kila asubuhi uende uangalie, uje utuambie hapa mbele ya wote: kuna ua ao hakuna."

Niliipokea kazi hiyo kwa fahari, na fahari yangu ilidumu mpaka jioni. Jioni nilikuwa nyuma ya jiko, mama yangu anasonga ugali, Ami amesimama mlangoni, nikamsikia anasema kwa sauti ya chini kwamba hatuwezi kungoja milele. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, alisema, wanaotaka waende. "Mama hatuwezi kumuburuta," alimalizia. Mimi sikuhitaji kusikia zaidi. Hesabu ilikuwa rahisi kichwani mwangu: mitini ikichanua kabla shule hazijafungwa, Bibi anapanda ndege na sisi. Isipochanua, sisi tunakwenda na Bibi anabaki, haoni, na hakuna wa kumwambia mlio umetokea upande gani wala alale chumba kipi.

Basi nikaanza kungoja. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kuikagua miti mmoja mmoja, jani kwa jani. Majani ya mtini ni mapana, yana vidole kama kiganja, na ukiyapapasa yanakwaruza kama ulimi wa paka. Niliyafunua yote. Mpera ulichanua maua yake meupe, ukadondosha, ukazaa. Mkomamanga ulikuwa mwekundu mwaka mzima kama unanicheka. Hata maboga ya Mama Furaha yaliyojiotea ukutani yalichanua. Mitini ilitoa majani tu, na baada ya majani ikatoa vipele. Vilikuwa vipele vya kijani, vigumu, vimejipachika kwapani mwa kila jani. Nilishtuka nikakimbia kwa Bibi.

"Bibi, mitini imeugua! Imetoka vipele!"

Bibi alinisogeza karibu. "Vingi?" akauliza.

"Vingi sana."

"Usiviguse," alisema. "Ukivigusa vitakuambukiza mikono. Na usiwaambie watu, watacheka mitini yangu. We kazi yako ni ua. Ua umeliona?"

"Hapana."

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

Sikuvigusa. Niliviangalia kwa mbali vikivimba, vikibadilika rangi kuelekea zambarau, na mara kwa mara nilikuta kile kikubwa kuliko vyote hakipo tena. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau mti unapona.

Kila asubuhi nilisimama barazani na kutoa habari yangu: "Hakuna ua." Nilikuwa nayatamka maneno hayo macho yangu yako sakafuni, kwa hiyo ilinichukua muda kuona jinsi baraza lilivyobadilika nikishayasema. Mama yangu, aliyekuwa amesimama na ungo mikononi, alianza tena kupepeta. Mama Furaha alisema "Asante Yesu," kisha akajiziba mdomo na kumwangalia Bibi. Ami Nasoro alishusha pumzi, akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Niliwaona mashujaa. Nilifikiri wanajikaza ili nisione uchungu wao.

Siku moja, ananisuka, nilimuuliza Mama Furaha kuondoka kukoje. Alimaliza msokoto aliokuwa nao mkononi, akafungua pindo la kitenge chake, akanionyesha ufunguo.

"Ile siku nilifunga mulango," alisema, "nikaweka ufunguo hapa. Nilikuwa najua ni siku mbili tu, nitarudi. Ufunguo bado niko nayo. Mulango sijui kama iko." Akaufunga tena kwenye pindo. "Inamisha kichwa, mutoto. Unanisumbua."

Mimi katika maneno hayo nilisikia jambo moja tu, kwamba wanaoondoka hawarudi, kwa hiyo tukimwacha Bibi ndiyo tumemwacha.

Shule zilikaribia kufungwa. Jumamosi moja Ami alipanda darini akashusha mavalizi ya safari, akayapanga ukumbini, vumbi tupu. Nilipita pembeni yake nikienda chooni, nikapita tena nikirudi, na kila nikiyaona nilihesabu upya siku zilizobaki. Asubuhi yake niliamka kabla ya wote. Nilichuma maua ya mkomamanga kanzu ikajaa, nikachomoa uzi mweusi kwenye kikapu cha Mama Furaha, nikaenda nyuma ya msala. Nilifunga ua moja hapa, moja pale, nikichagua matawi ya chini ninayoyafikia, na vipele nikivikwepa nisiambukizwe. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua kadhaa nikatazama. Niliona ni kazi nzuri sana. Mtini haukuwahi kupendeza vile.

Nikangoja wakusanyike kwenye kahawa, nikatoka mbio.

"Umechanua! Bibi, mtini umechanua! Kuna ua!"

Nilitegemea vigelegele. Mama yangu aliketi palepale kwenye ngazi, ungo ukamwinamia na unga ukamwagika. Mama Furaha alimvuta mtoto wake akamkumbatia. Ami kahawa ilimpalia, akakohoa mpaka machozi, kanzu yake nyeupe ikaingia madoa. Na Bibi, ambaye nilikuwa namwokoa yeye, hakusema alhamdulillahi. Alisema, kwa ukali, "Ua? Ua la wapi?"

Tulikwenda wote nyuma ya msala. Ami alitangulia, akainama, akashika ua la kwanza kati ya vidole vyake, akaligeuza, akaona uzi.

"Ee!" Mama Furaha alisema nyuma yake. "Huu si ni uzi yangu?"

Bibi akapapasa na yeye, akafika kwenye fundo, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Ami akamfuata, akacheka mpaka akavua kofia akajifutia macho nayo, na mama yangu, ambaye tangu vita vianze sikuwa nimemwona akicheka meno yakaonekana, akashika ukuta asianguke. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo kichwani. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama katikati yao nikalia kwa sauti.

Ami alichuchumaa mbele yangu. "Sasa kwa nini, mwanangu?"

"Sitaki Bibi aachwe," nilisema.

"Nani kasema Bibi ataachwa?"

"We. Jikoni. Ulisema tutaenda, Bibi hamuwezi kumuburuta."

Kicheko kilikatika. Ami alimtazama mama yangu, kisha mama yake, kisha akayatazama yale maua mekundu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya dukani, lakini aliponijibu sauti ilikuwa ndogo.

"Mi niende wapi bila mama yangu?" alisema. "Sikiliza, Rayya. Hii miti ikichanua, tutaondoka wote. Isipochanua, tutabaki wote. Umesikia? Wote. Na Mama Furaha ndani."

Aliinuka, akaenda ukumbini, akayabeba mavalizi na kuyarudisha darini siku hiyohiyo. Nilisikia yakiburutwa juu ya dari, na mburuto wa mwisho ulipokwisha nikasikia njaa. Nilikula mandazi sijui mangapi.

Adhuhuri, Ami akiwa msikitini, Bibi aliniita nyuma ya msala. Alipapasa tawi la juu bila kukosea, akachuma kipele kimoja kikubwa, cha zambarau, laini. Nilimpigia kelele asikiguse. Yeye akakipasua kwa vidole gumba viwili, akakisogeza karibu na uso wangu. Ndani kulikuwa kwekundu, kumejaa nyuzinyuzi nyingi laini zilizosongamana, na harufu ikanijia, harufu ya kifurushi cha Ramadhani.

"Haya ndiyo maua yake," Bibi alisema. "Mtini una haya. Unachanua ndani, haumwonyeshi mtu."

Nilimkodolea macho. "Ulijua?"

"Niliiona nilipokwenda kuhiji. Mashamba na mashamba."

"Kwa hiyo ulitudanganya!"

"Nilimdanganya nani?" alisema, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "We ulisema hakuna ua. Uliliona ua? Mi nilisema sitoki mpaka nilione. Nimeliona? Macho yangu si unayajua. Fungua kinywa."

Nilifungua. Ilikuwa vuguvugu kwa jua, tamu kuliko zile za kamba, na mbegu zilipasuka menoni vilevile. Tulikula kimya, kama inavyotakiwa. Halafu akaniambia nisimwambie Ami, na kwamba kesho asubuhi niende kuangalia kama kawaida.

Kesho yake nilisimama barazani nikasema "Hakuna ua" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani. Kahawa ikamiminwa, ungo ukapepetwa. Niliwatazama nyuso zao, na kwa mara ya kwanza nikaziona sawasawa. Hawakuwa wanajikaza. Walikuwa wamefarijika, kila mmoja kwa namna yake, kwamba siku moja zaidi imepatikana nyumbani.

Sitatia chumvi nikasema kubaki kulikuwa akili. Kuna waliobaki wakaisha, na kuna walioondoka wakapona, na mtaani kwetu kuna milango ambayo mpaka leo nikipita mbele yake siangalii. Sisi tulibaki na tukapona, basi, na ninashukuru bila kujifanya najua sababu. Asubuhi baada ya asubuhi nilitoa habari yangu ya kweli, mpaka ikafika siku hakuna tena aliyeuliza. Vizuizi viliondolewa barabarani, shule zikawa zinafungwa kwa likizo tu. Mama Furaha alikwenda Uvira kutazama mlango wake, akaukuta haupo, akarudi siku ya tatu na samaki wa kukausha na akasema ukweli ni kwamba alikuwa ametukumbuka sana. Bibi alifariki kitandani kwake, mchana, madirisha yako wazi, sisi tumemzunguka. Wakati ule kufa hivyo ilikuwa neema, na tulilia kama watu wanaojua hivyo.

Miti miwili ilijifia yenyewe kwa uzee. Wa tatu ndio huu wa fundi.

Ami Nasoro siku hizi anatembea kwa fimbo na hasikii vizuri, lakini harufu ile ilimtoa hata yeye chumbani. Alikuja taratibu mpaka kwenye matawi yaliyolala chini, nikamwekea kiti na kumpa kahawa yake. Aliinama akachuma tini moja iliyoiva nusu, akaipasua kwa vidole gumba viwili, akaitia kinywani bila hata kuipangusa.

"Ami!" nilisema. "Kumbe unazijua?"

"We ulifikiri ni Mama peke yake aliyekuwa anakula?" alisema, akitafuna. "Yeye alikuwa anakula za upande wa msala. Mi nikitoka alfajiri msikitini nilikuwa nakula za upande wa ukuta. Tulikuwa hatuingiliani."

Miaka yote hiyo alijitia hamnazo, na Bibi akaenda kaburini akiamini amemshinda, au labda na yeye alijua. Nilichagua vijiti vitatu vilivyonyooka nikavifunga kitambaa kibichi, na nilipokuwa nafanya hivyo fundi alifuta jasho akauliza kama mti huu ulikuwa unazaa au ulikuwa wa kivuli tu.

Ami aliitazama ile takataka ya majani, kisha akanigeukia mimi, mwanamke mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza kwa sauti yake ya dukani:

"Rayya. Kuna ua?"

"Hakuna, Ami," nilisema. "Bado."

"Alhamdulillahi," alisema, akashusha pumzi, akanyoosha kikombe nimwongezee kahawa.